PsycInfo, PubMed, Google Scholar au AJOL: uanzie wapi kutafuta tafiti za saikolojia ukiwa Unguja au Pemba

Mpwa wangu anaandika tasnifu ya shahada ya pili, na mada yake ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito (depression), kwa wazazi. Asiye wa huku nimfafanulie: kwetu Zanzibar tukisema mzazi, mara nyingi tunamkusudia mwanamke aliyetoka kujifungua, ambaye arubaini yake bado haijaisha. Usiku mmoja akanipigia simu kutoka Wete. "Shikamoo mjomba. Nimekaa tangu magharibi natafuta. Google Scholar inanimwagia maelfu, PubMed inaniambia hakuna kitu, na mwalimu wangu anataka PsycInfo ambayo mimi hata mlango wake siujui. Nishike ipi?"

Nikamwuliza ameandika nini kwenye kisanduku cha kutafutia. Kumbe kichwa kizima cha tasnifu, kama kilivyo, maneno kumi na saba ya Kiingereza pamoja na jina la wilaya. PubMed ilitafuta makala yenye maneno yote hayo kwa pamoja, isiipate, ikanyamaza. Scholar haioni haya kukisia, kwa hiyo ikamletea chochote chenye harufu ya mada.

Tangu siku ile swali hilohilo nimeulizwa na wauguzi, na walimu wa ushauri nasaha wa maskuli, na vijana wa mwaka wa tatu wanaokimbizana na tarehe ya kuwasilisha. Nimeona bora nizipange pamoja kanzidata hizi nne, yaani maghala ya kutafutia tafiti: tatu alizozitaja mpwa wangu, na AJOL ya majarida ya Afrika, mtu achague kwa macho yake.

Nitakavyozipima

Kila moja nitaiuliza mambo manne. Imebeba nini ndani? Inalielewaje neno unaloandika? Ukiiona makala unayoitaka, utaifungua au utaishia kuitazama, na kwa bando kiasi gani? Na mwisho, inamfaa nani? Swali la kujaribia litakuwa lile la mpwa wangu, sonona ya baada ya kujifungua hapa Zanzibar, ili kila kanzidata ipimwe kwa mzani mmoja.

Karatasi kwanza, kompyuta baadaye

Kitu kimoja, Mtumbatu ana jina lake na Mmakunduchi ana lake. Watafiti nao ni hivyohivyo. Hali anayoisoma mpwa wangu, mmoja ataiita "postpartum depression", wa pili "postnatal depression", wa tatu "perinatal depression", na wale wa zamani waliandika "puerperal". Ukiandika jina moja tu, umewaacha nje waliotumia mengine, na hutajua kwamba umewaacha.

Kwa hiyo chukua karatasi, igawe safu tatu. Safu ya kwanza iwe ya hali yenyewe na majina yake yote. Ya pili iwe ya watu na mahali. Ya tatu ni kile unachokiuliza: ukubwa wa tatizo, visababishi, tiba, au kipimo. Maneno ya safu moja yaunganishe kwa OR na uyatie mabano, kisha safu na safu ziunganishe kwa AND. Viunganishi hivyo viandike kwa herufi kubwa. PubMed ukiviandika kwa ndogo haivihesabu kuwa viunganishi.

Safu ya mahali ndiyo inayotuponza sisi zaidi kuliko watu wa kwingine. Utafiti uliofanyika Mkoani au Kivunge unaweza kuwa na neno "Tanzania" tu kwenye kichwa chake, na Zanzibar ikatajwa ndani kabisa. Basi weka "Zanzibar OR Unguja OR Pemba OR Tanzania". Halafu kuna Pemba nyingine, mji wa Cabo Delgado kule Msumbiji, nayo ina tafiti zake za afya. Usijaribu kuifukuza kwa "NOT Mozambique". Makala iliyolinganisha Tanzania na Msumbiji itaondoka pamoja nayo, na huenda ndiyo uliyokuwa ukiihitaji. Ivumilie, uichuje kwa macho.

Majina ya watu nayo yana kisirani chake. Sisi huandika jina letu, la baba, na la babu, lakini kanzidata za Magharibi zinataka jina la ukoo na herufi za mwanzo. Mtu aitwaye, tuseme, Khamis Juma Ali, huku atakuwa Ali KJ, kule Juma KA, na mhariri mwengine ataandika Hamisi. Unapomtafuta mwandishi wa Kizanzibari, mjaribu kwa sura zake zote.

PsycInfo

*Kilichomo.* Hii ni mali ya chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilichoanzishwa mwaka 1892. Mizizi yake ni jarida la ikisiri, yaani muhtasari wa makala, lililoanza kuchapwa mwaka 1927. Rekodi zilianza kuingizwa kwenye kompyuta mwaka 1967, na leo zimepita milioni 5. Inafuatilia majarida zaidi ya 2,000, na juu ya hayo vitabu, sura za vitabu na tasnifu za uzamivu. Hilo la tasnifu si dogo kwetu. Juli McGruder aliandika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1999 kuhusu skizofrenia katika familia tatu za Zanzibar. Kazi ya namna hiyo haina makao PubMed, kwa sababu PubMed haiweki tasnifu.

Upana wake ni wa saikolojia yote, na hospitali ni sehemu yake moja tu. Humo mna ujifunzaji wa watoto, lugha, ndoa, kazi na waajiri, kumbukumbu za wazee. Anayesoma kwa nini mtoto wa darasa la pili anaogopa kusoma kwa sauti atahangaika PubMed, lakini hapa yuko kwao.

Jambo linalowavunja watu moyo ni kwamba PsycInfo ni ghala la ikisiri. Makala zenyewe nyingi hazimo. Zile za majarida ya APA ziko kwa dada yake, PsycArticles, ambaye ana malipo yake.

*Inavyolielewa neno.* Hapa ndipo nguvu yake ilipo, na nitakaa kidogo. APA ina kamusi ya istilahi iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1974. Kila makala inayoingia hupewa lebo kutoka kamusi hiyo, na lebo hutolewa kwa kile makala inachozungumzia, hata kama mwandishi alitumia jina jengine. Ukitafuta kwa lebo "Postpartum Depression", utampata na yule aliyeandika "postnatal".

Lebo hizo ni za kuangaliwa kwa makini. "Major Depression" ni ugonjwa uliofikia kiwango cha kitabibu. "Depression (Emotion)" ni huzuni na unyonge usiofikia huko. Kwa Kiswahili cha mtaani zote tunaweza kusema "amekuwa mnyonge", lakini humo ni masanduku mawili mbalimbali, na mwanafunzi aliyechagua moja bila kujua anapoteza nusu ya mavuno.

Kisha kuna sehemu ambazo wengine hawana zote kwa pamoja. Unaweza kuchuja kwa rika la washiriki, kwa mahali utafiti ulipofanyika, kwa mbinu ya utafiti, na, ninayoipenda mimi, kwa kipimo kilichotumika. Dodoso la Edinburgh la sonona ya baada ya kujifungua, lenye maswali 10, lilichapishwa mwaka 1987 na Cox na wenzake. Andika jina lake katika sehemu ya vipimo, na utaletewa waliolitumia kweli, si waliolitaja kwa kupita. Mtu anayesumbuka na sura ya tatu, pale anapotakiwa aeleze kwa nini kachagua dodoso hili akaliacha lile, sehemu hii peke yake itamwokolea wiki.

Lakini PsycInfo hukodishwa kupitia majukwaa tofauti. Utaikuta ndani ya EBSCO, Ovid, ProQuest, au tovuti ya APA yenyewe, na kila jukwaa lina sarufi yake. Kutaka maneno mawili yawe karibu, EBSCO unaandika N3, Ovid adj3, ProQuest NEAR/3. Video ya mafunzo uliyoiona mtandaoni inaweza kuwa ya jukwaa jengine kabisa, ukafuata kila hatua na usipate kitu.

*Kufungua na gharama.* Wanaolipa ni taasisi. Mwulize mkutubi wa chuo chako moja kwa moja: tunayo, na kama tunayo inafunguka nyumbani au ndani ya maktaba tu? Wengi hawaulizi, wanadhani jibu ni hapana. Ikiwa kweli haipo, mwenye msimamizi wa pili katika chuo cha nje amwombe afanye utafutaji kwa maneno uliyoyapanga wewe, akutumie faili la matokeo. Ni kazi ya saa moja kwake. Ikisiri huwa nyepesi kwa bando, kwani ni maandishi matupu.

*Inamfaa nani.* Mtu wa uzamivu, anayefanya mapitio ya kimfumo (systematic review, kukusanya kwa utaratibu tafiti zote za swali moja), na yeyote ambaye mada yake ya saikolojia haikupita hospitali. Mwenye insha ya kurasa tano hana haja ya kuisumbukia.

PubMed

*Kilichomo.* Maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani iliifungua bure kwa dunia nzima mwaka 1997. Rekodi zake zimepita milioni 37, lakini ni za tiba na sayansi za uhai. Saikolojia imo pale inapogusana na afya. Magonjwa ya akili, kifafa, ulevi wa dawa za kulevya, VVU na msongo wa mawazo, lishe na akili ya mtoto: hayo yamo kwa wingi. Kwa Zanzibar ina hazina kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1990 Bondestam, Garssen na Abdulwakil walichapisha katika *Acta Psychiatrica Scandinavica* utafiti kuhusu ukubwa wa magonjwa ya akili na kifafa hapa visiwani, na tiba yake. Anayeandika usuli wa tatizo bila kuwapitia hao ataulizwa.

*Inavyolielewa neno.* Nayo ina kamusi yake ya istilahi, MeSH, na lebo ya swali letu humo ni "Depression, Postpartum", kinyumenyume namna hiyo. Istilahi zimepangwa kama mti: ukichagua tawi, vijitawi vyote vinafuata. Ukichagua "Africa, Eastern", Tanzania imo bila kuitaja.

PubMed pia hujitafsiria. Ukiandika maneno ya kawaida, yenyewe huyaoanisha na lebo zake. Hilo ni jema, mpaka utakapoanza kujifanya fundi. Ukiweka nyota mwishoni, kama "depress*", au ukafunga maneno kwa alama za kunukuu, ile tafsiri inazimika na unapata hasa ulichoandika. Nimeona watu wazima wakitia alama za kunukuu kila mahali kwa kudhani wanaisaidia mashine. Nenda ukurasa wa utafutaji wa kina, fungua historia, uone PubMed ilikuelewaje. Mara nyingi utacheka.

Namna salama ni kuchanganya. Tafuta lebo ya MeSH, na kwa OR uongeze maneno huru kwenye kichwa na ikisiri, kwani zipo rekodi ambazo hazina lebo. Mpwa wangu tulimwandikia hivi: ("Depression, Postpartum"[mh] OR "postnatal depression"[tiab] OR "perinatal depression"[tiab]) AND (Zanzibar OR Unguja OR Pemba OR Tanzania). Hiyo [mh] ni lebo ya MeSH, na [tiab] ni kichwa na ikisiri. Kilichokuwa kimya kikaanza kusema.

Kasoro yake ni ile ya kuzaliwa: inamwona mtu kama mgonjwa. Ukiiuliza kuhusu mzazi anayesema amekaliwa na sheitani, au bibi anayemfungia mkwewe ndani siku arubaini kwa mapenzi, itakupa kidogo. Sehemu ya kipimo kama ile ya PsycInfo haina. Jina la dodoso utalitafuta kama neno la kawaida, na utaletewa na waliolitaja tu.

*Kufungua na gharama.* Kutafuta ni bure, hata bila kujisajili. Makala kamili ni suala jengine, ila kuna kichujio cha zinazofunguka bure, na nyingi zimo PubMed Central, iliyoanza mwaka 2000. Ukurasa wake ni mwepesi kwenye simu. Ukijisajili unaweza kuhifadhi utafutaji, na makala mpya zikitoka ukaletewa kwa barua pepe; mtu wa Micheweni ambaye mtandao wake ni wa kubahatisha hana sababu ya kuanza upya kila wiki.

*Inamfaa nani.* Muuguzi, daktari, mwanafunzi wa afya ya jamii, na mwanasaikolojia wa tiba. Pia kila asiye na usajili wa PsycInfo, awe anapenda au hapendi.

Google Scholar

*Kilichomo.* Kila kitu, na hapo ndipo raha na balaa zilipokaa pamoja. Tangu ilipoanza mwaka 2004 imekuwa ikikusanya majarida, tasnifu, ripoti, vitabu, maandiko ya mikutano, ya kila fani. Ni juya la Wakojani: likivutwa, linakuja na changu, na tasi, na mwani, na kandambili ya mtu. Kazi za kianthropolojia ambazo PubMed haizijui, kama za Kjersti Larsen kuhusu watu na masheitani mjini Zanzibar, hapa zinaonekana pembeni ya makala za tiba.

Lakini hakuna anayesimama mlangoni kukagua. Majarida ya kitapeli yanayochapa chochote ukishalipa yamo humo, yamevaa vizuri. Nilishamwona mwanafunzi, mwerevu kabisa, akibanwa na mtahini wa nje kwa sababu nguzo ya hoja yake ilikuwa jarida linalojisifu kukubali makala ndani ya siku tatu. Jarida usilolijua, tazama kama liko katika orodha ya MEDLINE, ile sehemu ya PubMed yenye majarida yaliyochaguliwa, au mwulize mwalimu wako kabla hujalijengea nyumba.

*Inavyolielewa neno.* Haina kamusi ya istilahi, haina lebo. Inasoma maandishi ya makala nzima na kupanga kwa hesabu zake, ambamo idadi ya walioitaja makala ina uzito, ndiyo maana makala kongwe hukaa juu. Chagua miaka ubavuni kama unataka mpya. Nyota ya mwisho wa neno haifanyi kazi. Utafutaji una ukomo wa herufi 256, kwa hiyo lile fungu refu la PubMed halitaingia lote. Na hata ikikwambia imepata laki moja, haitakuonyesha zaidi ya 1,000.

Ina mambo mawili ambayo hizi nyengine haziifikii. La kwanza, inasoma Kiswahili. Andika "sonona", "msongo wa mawazo", "kufikiri sana", na utafika kwenye tasnifu na makala ambazo waandishi wake waliyaacha maneno ya washiriki kama yalivyosemwa. La pili ni kufuata nyayo. Itafute ile makala ya mwaka 1990, bonyeza orodha ya walioitaja, kisha tia alama kwenye kisanduku cha kutafuta ndani ya hao tu, uandike "women" au "depression". Kwa mahali padogo kama petu, ambapo tafiti zinajuana kama watu wa mtaa mmoja, njia hii huzaa kuliko maneno muhimu.

*Kufungua na gharama.* Bure. Ubavuni mwa tokeo huonyesha kama kuna nakala iliyo wazi. Tahadhari na bando, kwani nyingi ni PDF, na tasnifu iliyopigwa skani inaweza kula megabaiti makumi kwa sura moja uliyoihitaji.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, asiyejua bado mada yake inaitwaje kitaalamu. Anayechanganya fani. Na anayetaka kujua nani alimjibu nani. Kwa mapitio ya kimfumo isimame kama nyongeza, maana utafutaji wake hauwezi kurudiwa na mwengine akapata kilekile.

AJOL

*Kilichomo.* Kirefu chake ni African Journals Online, ghala la majarida yanayochapwa Afrika, lilianza mwaka 1998 na makao yake ni Makhanda, Afrika Kusini. Lina majarida zaidi ya 500. Ya nyumbani yamo, kama *Tanzania Journal of Health Research* na *Huria* ya Chuo Kikuu Huria.

*Inavyolielewa neno.* Vibaya, nisifiche. Hakuna istilahi wala sehemu za kuchuja za maana. Andika maneno mawili matatu, au ingia jarida moja moja na upekue matoleo. Ni kazi ya mkono.

*Kufungua na gharama.* Makala nyingi zinafunguka bure.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji kuonyesha kwamba Waafrika wenyewe wamesema nini juu ya jambo lake, na anayetafuta washiriki wanaofanana na wake. Ukipata makala tano kutoka Ibadan au Dodoma kuhusu wazazi, zina uzito mbele ya mtahini kuliko hamsini za Ohio.

Makala imefungwa, sasa?

Ukurasa ukikudai dola 30 na zaidi kwa makala moja, usitoe. Kuna Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002, unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya afya. Nywila huwa ya taasisi, siyo ya mtu, kwa hiyo mkutubi au mkuu wa idara ndiye wa kumwendea. Mwenye kompyuta aweke Unpaywall kwenye kivinjari. Ni bure, na humwonyesha nakala halali iliyo wazi mahali pengine. Mwandikie na mwandishi barua pepe, mistari minne tu: mimi ni nani, nasoma wapi, naomba makala gani, asante. Wengi hufurahi kwamba kuna mtu Chake Chake anayewasoma.

Kwa hali yako

Una insha na wiki moja mkononi: Scholar kwa saa moja upate majina ya mambo, kisha PubMed au AJOL uchague sita saba za kusoma kweli.

Unafanya kazi hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, au kitengo cha afya ya akili hospitali ya wilaya, na unataka kujua tiba fulani ina ushahidi gani: PubMed, uchuje mapitio ya kimfumo kwanza, na makala yenyewe uifungue kwa Hinari. PsycInfo itakuongezea upande wa tiba za mazungumzo ukiwa na nafasi.

Wewe ni mwalimu wa ushauri nasaha wa skuli: hizi nne hazikutoshi. Ongeza ERIC, kanzidata ya bure ya elimu ya Marekani iliyopo tangu miaka ya 1960, uunganishe na AJOL. Kwa mada za watoto darasani, kati ya nne hizi PsycInfo ndiyo ingekufaa zaidi, ikiwa chuo ulichosoma bado kinakuruhusu kuingia.

Mada yako ni masheitani, kombe (maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji yakanywewa), waganga na mahali vinapokutana na daktari: anza Scholar kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, fuata nyayo, na PsycInfo ukiipata. PubMed iwe ya mwisho, ila usiiache.

Unafanya mapitio ya kimfumo: PsycInfo na PubMed zote mbili, kila moja kwa istilahi zake, na uandike tarehe uliyotafuta, jukwaa, na fungu la maneno neno kwa neno. Ukifanya baadaye kwa kukumbuka hutafaulu; mimi nilijaribu.

Na ukiwa mwanafunzi wa uzamili uliye Pemba, bando la kubana, PsycInfo ikiwa mbali: fanya alivyofanya mpwa wangu. Usiku uleule alianza PubMed, akapata makala moja iliyomgusa, akazisoma lebo zake zote chini ya ikisiri na kuzihamishia kwenye karatasi. Akaenda Scholar kufuata walioitaja hiyo moja. Baada ya wiki mbili akamtumia msimamizi wa pili, aliye nje, fungu la maneno ya PsycInfo likiwa tayari, na swali moja tu la ziada kuhusu dodoso. Siku alipopanda boti kuja Unguja aliniletea daftari nilitazame. Safu tatu zimejaa, kwa kalamu za rangi. Kwenye safu ya mahali, mbele ya Pemba, ameandika kwa herufi ndogo: "na ile ya Msumbiji, ivumiliwe."